Paka wa Mama Mkwe na Sindano ya Alhamisi

Paka yule hakuwa wangu, na hilo ndilo lililonikosesha raha siku tatu nzima. Angekuwa wangu ningemhudumia kwa utulivu wa kawaida, nikauza mchele wangu, nikala, nikalala. Lakini alikuwa wa mama mkwe, tena wa kuazima. Alipomtuma kutoka kijijini kwake Mamba kwa basi, ndani ya tenga la kuku lililofungwa kwa kamba ya katani, mama mkwe alinipigia simu kunikumbusha jambo moja tu.

"Nimekuazima," alisema. "Sijakupa."

Kuazimana paka si ajabu kwetu, hasa baada ya mavuno, stoo zikiwa zimejaa. Mtu anaazima paka kama anavyoazima kinu au toroli. Masharti yake kila mtu anayajua: unamlisha, humpigi, na unamrudisha akiwa mzima kama alivyokuja. Mimi nauza mchele na maharage mtaa wa Makanyagio, chumba cha mbele ni duka na cha nyuma ni stoo, na mwaka ule panya walikuwa wametoboa viroba mpaka nikawa nazoa mchele sakafuni kila asubuhi kabla ya kufungua. Sumu sikutaka kuiweka karibu na chakula cha watu. Mitego walishaizoea, wanakula chambo na kuondoka zao. Nikamwomba mama mkwe paka wake, kwa sababu sifa zake zilikuwa zimefika hadi Kibaoni.

Sifa hazikuwa za uongo. Alikuwa wa kijivu mwenye mistari, sikio moja limechanika kidogo, hana jina zaidi ya Paka. Wiki ya kwanza alinipangia panya mlangoni mwa stoo, mmoja baada ya mwingine, halafu akakaa pembeni kama anayesubiri risiti. Wiki ya pili hakupanga tena, maana walikuwa wamepungua. Nilianza kumkatia kipande cha samaki kabla ya kuwapakulia watoto, na hakuna aliyelalamika isipokuwa watoto.

Kuna mambo mawili lazima niyaeleze kuhusu paka huyo, la sivyo hofu yangu itaonekana ya kipuuzi.

La kwanza, alikuwa wa baba mkwe. Mzee akila ugali, paka anakaa upande wake wa kushoto, na kichwa cha samaki ni chake bila mjadala. Mzee alipofariki, mwaka uliotangulia, paka alilala kwenye kizingiti cha chumba chake mpaka matanga yakaisha, watu wakimruka na masufuria mkononi. Mama mkwe si mtu wa kubembeleza wanyama. Sijawahi kumsikia akisema anampenda. Ila siku moja tulikuwa uani kwake tunachambua mchele, yeye akitoa mawe kwa vidole bila hata kutazama ungo, na paka akapita. Akamfuata kwa macho.

"Huyu ndiye niliyebaki naye," alisema. "Jioni tunaangaliana."

Kisha akaendelea kutoa mawe. Nilipomwomba paka sikuyakumbuka maneno hayo hata kidogo. Nilikuwa nafikiria viroba vyangu.

La pili, mama mkwe hataki kusikia habari za chanjo ya mifugo. Miaka ya nyuma kuku wake walichanjwa dhidi ya ugonjwa wa mdondo, na ndani ya siku nne wakaisha karibu wote. Mtaalamu alimweleza kwamba walikuwa wameshaanza kuumwa kabla ya chanjo, lakini mama mkwe aliona kwa macho yake: jana wamechanjwa, leo wamepoa, kesho wamekufa. Tangu siku hiyo alisema mfugo wake yeyote asiguswe na mtu wa chanjo. Mimi nilikuwepo akisema. Nililijua jambo hilo vizuri kabisa, na bado nikafanya nilichofanya, maana nina ugonjwa wa kutenda kwanza na kufikiri nikiwa njiani kurudi nyumbani.

Jumatano pikipiki yenye spika ilipita mtaani ikitangaza chanjo ya kichaa cha mbwa: mbwa na paka wote, kesho asubuhi, kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Wiki ile ile mbwa asiyejulikana alikotoka alikuwa amemng'ata mtu mtaa wa pili. Na mimi nina watoto wawili ambao walikuwa wanamkumbatia paka yule mchana kutwa na kumvuta mkia pale anapochoka kukumbatiwa. Mume wangu, ambaye ni fundi seremala na karakana yake iko uani, aliniuliza kama nimemwambia mama. Nikamjibu kwamba nitamwambia Jumamosi akija kumchukua, akiwa ameshamwona paka mwenyewe mzima, amenona. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye randa yake. Huwa hashindani na mimi asubuhi.

Alhamisi nikamtia paka kwenye mfuko wa sandarusi, nikautoboa tundu kichwa kitokeze, nikapanda bodaboda nimempakata. Uwanjani kulikuwa na sherehe. Mbwa wamefungwa kwa kanga, kwa mipira ya baiskeli, mmoja kwa mkanda wa suruali ya mwenyewe, ambaye alikuwa ameshika suruali kwa mkono wa pili. Paka walikuwa wachache, wengine kwenye ndoo zenye mifuniko, mmoja kwenye foronya. Nyuma yangu kwenye foleni palikuwa na bwana mmoja mwenye mbwa wanne, akidai kwamba wote wanne wahesabiwe kama mtu mmoja na wapite mbele. Mimi siwezi kuona jambo kama hilo nikanyamaza. Tulikuwa bado tunaelezana mpaka nilipofika mezani.

Daktari wa mifugo alimchoma paka shingoni, haraka, paka akashangaa tu. Akaandika kadi. Akaniuliza jina la mwenye mnyama, nikataja langu. Jina la mnyama, nikasema Paka. Aina, nikasema paka. Akanitazama juu ya miwani, akaandika mara mbili. Kisha akaanza kunieleza nini cha kutarajia, na hapo ndipo nilipofanya kosa, kwa sababu yule bwana wa mbwa wanne alikuwa amesema neno nyuma yangu na nikageuka kumjibu. Katika maelezo yote ya daktari nilisikia maneno mawili tu: "atapoa kidogo." Nikashukuru, nikaondoka.

Ijumaa asubuhi paka hakutoka. Nilimkuta chini ya kitanda, nyuma ya sanduku, amejikunja. Dagaa wake walikuwa vilevile. Masikio yalikuwa ya moto, na shingoni, chini ya manyoya, nilishika kivimbe kidogo, saizi ya punje ya harage. Nilipomwita alifungua jicho moja, akalifunga.

Niliogopa. Kwanza niliogopa maneno ya mama mkwe, sitadanganya. Lakini nikiwa bado nimepiga magoti pale nikaiona nyumba ya Mamba jioni, mama amekaa peke yake na sahani yake, upande wa kushoto hakuna mtu wala paka. Jana amechanjwa, leo amepoa, na kesho ilikuwa Jumamosi.

Sasa, mama yeyote wa kwetu aliyewahi kubeba mtoto kumpeleka kliniki anajua utaratibu. Mtoto amechanjwa, paja limevimba, anachemka, hataki kula. Unamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto hata kama nesi amekukataza, unampa panado, unamwimbia, kesho yake anacheza. Nimewalea wawili kwa njia hiyo na wako hai, wanapiga kelele. Nikaona hakuna sababu paka awe tofauti.

Nikaanza na kukanda. Kitambaa kilipomgusa tu, mgonjwa wangu aliyekuwa hana nguvu ya kufungua macho yote mawili alipata nguvu ya kunipa mistari minne mkononi. Nikaacha kukanda. Nikaenda kwenye panado. Nilikata kidonge robo, nikaisaga kwa mgongo wa kijiko, nikachukua bakuli langu zuri la maua, kwa kuwa huyu alikuwa mgeni, nikaweka mchuzi wa samaki mgebuka na kipande kikubwa cha mnofu, nikakoroga. Mgebuka alikuwa amefika kutoka ziwani Karema siku ile ile. Hata mimi nilitamani.

Paka alinusa, akageuzia uso ukutani. Nilimwita "mwanangu", nilimwita "baba", nikamwambia ale kwa ajili ya mama yake. Hakugeuka. Ile chanjo ilikuwa imemwondolea hamu ya chakula kabisa, na nikailaani kimoyomoyo kwa hilo.

Nikaliweka bakuli mezani, nikalifunika kwa sahani nzi wasiingie. Mpango wangu ulikuwa kwamba ikifika saa sita hajala, nitamfunga kwenye kitenge, mikono ndani, kichwa nje, nimnyweshe kwa nguvu. Lile bomba la kunyweshea mtoto dawa ya kikohozi nilishaliosha. Kilichobaki ni kuwa na uhakika wa kipimo, robo au nusu. Namba ya daktari ilikuwa nyuma ya kadi. Nikatoka kumpigia nikiwa dukani, maana mteja alikuwa anasubiri kilo mbili za maharage.

Daktari aliniuliza maswali taratibu, nami nikijibu huku napima. Anahema vizuri? Anahema. Uso umevimba? Haujavimba. Anatapika, anaharisha? Hapana. Maji anakunywa? Kidogo. Akasema basi hayo ni ya kawaida, chanjo inafanya kazi mwilini, siku moja au mbili atakuwa sawa. Kivimbe kitapungua chenyewe baada ya wiki kadhaa, nisikikande. Nikaficha mkono wenye mistari kana kwamba ananiona. Akaongeza kwamba angehema kwa shida, au kuvimba uso, au kutapika mfululizo, nisingojee hata saa moja, nimpelekee. Nikashusha pumzi. Nikamwambia nimeshapata nafuu, sasa anisaidie tu kwenye panado, nimpe robo au nusu.

Daktari akauliza swali lake kwanza.

"Mama, umeshampa?"

"Bado. Amekataa."

"Usimpe. Hata chembe. Panado inaua paka."

Hakupaza sauti, na ndiyo maana nilimwamini papo hapo. Alieleza kwamba mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa ile kama mwili wa mtu unavyoivunja, inamharibia damu na ini, na kipande kinachomtuliza mtoto kinatosha kumuua yeye. Nilimwachia mteja kopo la kupimia mkononi, nikakimbia ndani.

Bakuli lilikuwa tupu.

Nilijitupa chini ya kitanda, nikamvuta paka mpaka mwangani, nikamnusa mdomo. Alivumilia. Sikuweza kujua chochote, paka mdomo wake siku zote unanuka samaki. Nikarudi mezani, na hapo akili ikaanza kurudi polepole. Sahani ya kufunikia ilikuwa imewekwa pembeni kwa adabu. Miiba ilikuwa imepangwa kwenye ukingo wa bakuli. Kulikuwa na chembe za ugali wa asubuhi.

Nikatoka uani. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye benchi lake la kazi, anachokoa meno kwa kijiti.

"Yule samaki ulimpasua nyongo," alisema. "Ana uchungu."

Nyumbani kwetu, na nyumba zote ninazozijua, bakuli lililofunikwa mezani karibu na saa sita lina mwenyewe, na mwenyewe haulizi. Nilimuuliza kama paka alikula hata kidogo pamoja naye. Akasema alimwita, alimwonyesha hata mwiba, paka hakutoka. Nikamuuliza tena. Akasema hivyo hivyo. Nikakaa chini kwenye maranda ya mbao nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Nilipomweleza alichokula, alitafakari kwa muda, akauliza kama paka alikuwa ameshatia mdomo. Nikamwambia alinusa tu. Akasema kama ni kunusa, basi hakuna shida, akashika randa. Daktari nilimpigia tena kumuuliza habari za seremala, akasema robo ya panado kwa seremala si kitu.

Baada ya hapo nilibaki na kazi ambayo sikuumbiwa, nayo ni ya kutofanya kitu. Nilimwekea maji karibu. Nilimtandikia gunia safi kwenye kona yenye ubaridi. Niliwazuia watoto. Kila nilipouza nusu kilo nilienda kuchungulia kama mbavu zinapanda na kushuka. Zilikuwa zinapanda na kushuka. Panya mmoja alipita stoo mbele yangu saa tisa alasiri, hana haraka, na nikamwachia.

Jumamosi asubuhi paka alitoka mwenyewe. Alitembea hatua chache, akajinyoosha, akalala juani mlangoni. Alikula dagaa mmoja, akaacha kichwa. Nafuu ilikuwepo, ila mtu anayemfahamu angejua mara moja kwamba hayuko sawa, na basi lilikuwa linaingia saa nane. Mume wangu akatoa ushauri wake. Tuseme amechoka na kazi. Panya walikuwa wengi, paka amefanya kazi, amechoka, nani atabisha? Kivimbe kiko chini ya manyoya, hakionekani. Nikaona ni ushauri mzuri. Nikaichukua kadi ya chanjo, nikaificha chini ya kopo la mchele.

Mama mkwe alifika na kifurushi cha mchele mpya na kuku mmoja. Nilimwamkia, akaitikia. Akauliza watoto, akauliza biashara, akapokea maji, akanywa, akarudisha kikombe. Ndipo akauliza mgeni wake yuko wapi. Paka alikuwa ameshaisikia sauti. Alikuja polepole kutoka kwenye gunia lake, akakaa upande wa kushoto wa mama.

Mama hakumbembeleza. Aliweka tu mkono shingoni kwake, bila hata kutazama, huku akiendelea kutuambia habari za mvua za Mamba. Nilikuwa nimevisahau vidole vile. Vilipita mara moja kwenye manyoya, vikarudi, vikasimama.

"Hiki nini?"

Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni, mume wangu alikuwa ananitazama ili niutoe. Lakini yule mama alikuwa ameshika shingo ya paka kwa vidole viwili na uso wake ulikuwa umeanza kubadilika, na nikajua anaona kuku wake. Nikamweleza yote. Nilianza na spika ya kwenye pikipiki, nikaja kwa mbwa wa mtaa wa pili, nikaja kwa watoto, na kwamba nilijua hataki na bado nikaenda. Nikamwonyesha mkono wenye mistari. Panado sikuiruka. Nilimwambia nusura nimuue paka wake kwa mikono yangu, si kwa chanjo, kwa huruma yangu mwenyewe, na kilichomwokoa ni kwamba chanjo ilimkatisha hamu ya kula.

Paka alihamisha kidevu chake, akakilaza juu ya mguu wa mama.

"Na ule mchuzi," mama aliuliza, "aliula nani?"

Nilimwonyesha mwanawe kwa kidevu.

Alimtazama. Alijaribu kuzuia, nikaona mabega yanatikisika, halafu akacheka, akacheka mpaka akashika ncha ya kitenge kufuta macho. Tangu matanga sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Mume wangu alisema tena kwamba alidhani ni nyongo, na hapo mama akaishiwa pumzi kabisa.

Alipotulia, akaomba kadi. Nikaitoa chini ya kopo, aibu imenijaa. Akavaa miwani, akaisoma neno kwa neno, kidole chini ya mstari.

"Hapa mwenye paka umeandikwa wewe."

Nikaanza kujieleza kwamba daktari aliuliza haraka, kulikuwa na foleni. Akatikisa kichwa, akasema nilete kalamu. Nilidhani anataka niandike jina lake, nikalikata langu na kuanza herufi ya kwanza. Akanishika mkono.

"Andika la baba yenu."

Nikaandika majina matatu ya baba mkwe, kwa mwandiko wangu bora kuliko wote. Mara ya mwisho nililiona jina lile limeandikwa ilikuwa kwenye msalaba, na chini yake palikuwa na tarehe mbili. Kwenye kadi, chini ya jina palikuwa na tarehe ya kurudia chanjo, ya mwakani. Mama aliisoma mara mbili. Akaikunja kadi, akaitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi yake ya kliniki ya presha, akaufunga fundo.

"Mwakani nitamleta mwenyewe," alisema. "Wewe andaa samaki tu. Asiye na uchungu."